Kapu la Jumamosi kutoka mlimani

Jumamosi ya tatu kapu la mboga tulilomlipia mkulima kabla ya msimu lilishuka na nyanya chungu tena. Nilizimwaga kwenye sinia nikazihesabu: 31. Chini yake kulikuwa na mafungu mawili ya matembele, majani ya maboga yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba, figiri, kabichi mbili ndogo zenye matundu ya wadudu, na boga moja changa. Nyanya za kupikia hakuna, hoho hakuna, karoti hakuna. Nyumbani kwangu hakuna aliyekuwa akila nyanya chungu, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuzitenga ukingoni mwa sahani. Mume wangu akapita jikoni, akatazama sinia, akauliza swali linaloulizwa kila nyumba: "Leo mboga ni nini?"

Kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali au wali. Nyama ni mboga, dagaa ni mboga, maharage ni mboga. Majani tunayaita mboga za majani, lakini mezani kwangu hayakuwa mboga hata kidogo. Yalikuwa ya pembeni, kijiko kimoja cha mchicha ili sahani isionekane imepauka. Kwa miaka 14 ya ndoa nilipanga chakula kuanzia kwenye nyama au samaki. Majani yalikuja mwisho, mkaa ukiwa unaelekea kuwa majivu, na yote yalipikwa namna moja: kitunguu, nyanya, karoti ya kukwaruza, mafuta, chumvi. Sasa kapu limekuja, na fedha iliyolilipia ilikuwa ni fedha ya nyama.

Naishi Morogoro mjini, upande wa Kilakala, pale ambapo Uluguru inaanza kuinuka nyuma ya nyumba. Alfajiri akina mama wa Kiluguru hushuka kwa miguu, mizigo kichwani, kabla jua halijachomoza vizuri. Mmoja wao aliniuzia mchicha mlangoni kwa miaka mingi. Anatokea juu, njia ya kwenda Morningside. Januari alinipa mchicha wake, akakaa kidogo barazani, akasema msimu ule asingelima vipande viwili vya shamba lake. Mbegu na samadi zilimshinda bei. Akaongeza jambo ambalo sijalisahau: "Walanguzi wananipangia bei wanavyotaka. Wanajua nikishashuka na mzigo kichwani, sina namna ya kuurudisha mlimani."

Sisi tulikuwa wanawake watano tunaocheza mchezo wa fedha kila mwezi. Mwezi ule tuliamua mchezo uende kwake. Kila nyumba ilitoa shilingi 60,000, jumla 300,000, ili atuletee kapu kila Jumamosi kwa wiki 12, kuanzia katikati ya Machi. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba yeye ndiye apange cha kupanda na cha kuchuma. Tukakubali harakaharaka, kwa sababu wakati huo kila mmoja wetu alikuwa akiwaza nyanya na karoti.

Jirani yetu aliyesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alituambia kwamba jambo hilo lina jina kwa wenzetu. Wajapani wanaliita teikei na wamelifanya tangu miaka ya 1970, wengi wao wakiwa akina mama wa nyumbani waliotaka chakula kisicho na dawa nyingi. Marekani lilianza mwaka 1986 katika mashamba mawili, moja Massachusetts na jingine New Hampshire. Kiini chake, alisema, ni kwamba mlaji analipa kabla na anakubali kubeba hasara pamoja na mkulima. Hayo ya mwisho niliyasikia juujuu. Masika ndiyo yaliyonieleza vizuri.

Makapu mawili ya kwanza niliyaharibu. Nilifanya kama nilivyozoea: nilichambua yote, nikakatakata yote, nikatia sufuria moja. Matembele yakaiva mpaka yakawa meusi huku mashina ya figiri yakiwa bado yanakwaruza meno. Watoto wakala ugali kwa mchuzi tu. Kilichobaki nilikifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikakisukuma chini ya friji. Jumatano mchicha ulikuwa umeshageuka maji. Mama wa mlimani alipofika Jumamosi ya tatu aliyakuta majani yake kwenye ndoo ya taka karibu na mlango wa uani. Hakununa. Aliuliza tu, "Mwanangu, uliyapika yote siku moja?"

Akakaa kwenye mkeka, akalipanga kapu upya mbele yangu. Matembele akayaweka mbali na mengine: "Haya hayalali." Figiri na majani ya maboga: "Haya yanalala usiku mmoja, ukiyafunika na kitambaa chenye unyevu. Usiyaoshe mpaka uyapike." Nyanya chungu akazisogeza katikati: "Hizi zinakungoja mpaka Jumatano." Kabichi na boga akavisukuma mwisho kabisa wa mkeka. "Hivi ni akiba. Usiviguse kama kuna kingine."

Sijawahi kupata somo la upishi lililonisaidia kuliko lile, na halikugusa moto wala chumvi. Mpaka leo ndivyo tunavyosema nyumbani. Binti yangu akipokea kapu, anauliza kwanza yapi hayalali. Jumamosi mchana ni matembele au mchicha, Jumapili ni majani ya maboga, na wiki inaendelea hivyo hadi kabichi ya Ijumaa. Nyama nayo imepata nafasi mpya. Ikiwepo, inaifuata mboga iliyo zamu, robo kilo ndani ya kabichi badala ya kilo nzima peke yake.

Kuhusu nyanya chungu, mama wa mlimani alinionyesha kosa langu la kwanza kabla hata hatujawasha jiko. Mimi nilikuwa nachagua zile kubwa zinazoanza kuwa za njano, nikidhani zimekomaa vizuri. Hizo ndizo chungu kupita zote, maana zimeshazeeka na mbegu zake zimekuwa ngumu. Zinazofaa ni ndogo, nyeupe au za kijani kibichi, zinazong'aa na zenye kikonyo kibichi. Yeye huzikata mara nne bila kuzitenganisha, anaziloweka kidogo kwenye maji ya chumvi, kisha anazipika na dagaa wa kukaanga na bilinganya. Niliipika hivyo. Ilikuwa nzuri, lakini uchungu wake ulibaki ukinisumbua, na nikagundua kwamba nilikuwa napigana nao. Niliongeza nyanya kuuficha, nikaongeza sukari, na kila nilipouficha mboga ilikosa ladha yoyote.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwetu kitu kichungu au kikali hukutanishwa na nazi na ndimu. Wiki iliyofuata nilizichoma nyanya chungu nzimanzima juu ya mkaa mpaka ngozi ikaungua na ndani zikalainika. Nikazimenya, nikazitwanga na kitunguu saumu na pilipili moja, nikatia tui zito vijiko vitatu na ndimu nusu. Hakuna kupika tena baada ya hapo. Uchungu uko palepale, lakini moshi, nazi na ndimu vinaushika kila upande. Mume wangu alimega ugali, akachovya, akanyamaza, akachovya tena. Siku hiyo hapakuwa na kitu kingine mezani na hakuna aliyekiulizia.

Hapo ndipo nilipoanza kuliuliza kila jani linataka nini. Majani ya maboga yanataka mikono kabla ya moto. Lazima uvunje kikonyo na kuvuta nyuzi zake hadi kwenye jani, la sivyo utatafuna kamba. Kazi hiyo nimewaachia watoto, na nimeona mtoto aliyemenya majani mwenyewe hukubali kuyala. Matembele yanataka moto mkali na muda mfupi, sufuria wazi. Nayapika kwa tui jepesi, tui zito naweka mwisho, nazima. Mnafu unataka kuchemshwa kwanza, maji ya uchungu yamwagwe, ndipo upewe maziwa au karanga. Figiri nimeiona inapendeza ikikaangwa haraka kwa mafuta kidogo na kitunguu saumu, mashina yakitangulia dakika mbili kabla ya majani.

Magadi nayo ilinifunza kwa gharama. Niliambiwa inalainisha majani magumu, na ni kweli, lakini siku moja nilitia kijiko kizima kwenye majani ya kunde na chungu chote kikanuka sabuni. Jirani wa SUA akaniambia magadi huua pia sehemu ya vitamini. Tangu hapo nimeiacha kabisa, majani magumu nayapa muda. Alichonishauri yeye ni kutokuogopa mafuta kidogo, iwe ni tui, karanga au alizeti, kwa kuwa kiini cha vitamini A kilichomo kwenye majani hakichukuliwi vizuri na mwili pasipo mafuta. Nilifurahi kusikia kwamba bibi yangu, aliyetia nazi kwenye kila jani, alikuwa sahihi.

Aprili mvua ilinyesha siku sita bila kukatika. Huku mjini tuliona mto Morogoro umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na ule udongo ulikuwa unatoka kwenye mashamba ya juu. Jumamosi hiyo mama wa mlimani alichelewa. Alifika saa tano, miguu imejaa tope hadi magotini, akaomba radhi kabla hata sijamaliza kumwamkia. Matuta yake ya mchicha yalisombwa. Nyanya alizotuahidi zilipigwa na ukungu, majani yakawa ya kahawia kama yaliyobabuliwa na moto. Kapu la kila nyumba lilikuwa na mihogo mitatu, kisamvu, matembele kidogo, na fungu la mgagani aliouchuma pembezoni mwa shamba.

Mwenzetu mmoja akaomba kujitoa. Wiki sita zilikuwa zimebaki, yaani shilingi 30,000. Sikumlaumu, kwani nyumba yake ilikuwa na mgonjwa na kila shilingi ilikuwa na kazi. Lakini fedha ile ilishaingia ardhini, haikuwepo ya kumrudishia. Wanne tuliobaki tukachanga 7,500 kila mmoja tukampa, na kapu lake tukagawana. Kusema kweli iliniuma. Nilikaa jikoni nikihesabu kilo za nyama ambazo fedha ile ingenunua. Halafu nikakumbuka miguu yake ilivyokuwa na tope, nikafikiri hasara ile kwa miaka yote iliyopita aliibeba nani. Aliibeba peke yake, na mimi asubuhi yake nilikuwa nanunua mchicha kwa mtu mwingine bila kuuliza yeye yuko wapi.

Wiki ile ndiyo niliyopika vizuri kuliko zote. Kisamvu nakijua tangu utoto. Kinatwangwa mpaka kilainike, kinachemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa sababu muhogo una sumu ya asili katika majani na mizizi, na mvuke ule ndio unaoitoa. Kisha nazi na karanga. Mihogo yenyewe nikaichemsha kando. Mti mmoja ukatulisha chakula na mboga yake. Mgagani ulinishinda mwanzoni kwa uchungu na harufu, mpaka jirani mwenyeji wa Mara aliponielekeza: uchemshe, mwaga maji, tia maziwa, uache uchemke taratibu hadi maziwa yaingie kwenye majani, kisha uuache ulale usiku mmoja. Unaliwa kesho yake. Nilidhani ni utani, kumbe kweli ule wa kesho unakuwa umetulia na mtamu kwa namna ambayo siwezi kuilinganisha na jani jingine.

Juni tukalipia msimu wa pili, na yule mwenzetu akarudi. Baridi ilikuwa imeingia huko juu. Mji wetu uko chini, kiasi cha mita 500 kutoka usawa wa bahari, na vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi sita, kwa hiyo sisi tukitembea na jua kichwani, mama wa mlimani anachuma kabichi ngumu, karoti tamu na bitiruti. Bitiruti zilikuja na majani yake. Wengi huyakata na kuyatupa sokoni, nami nilikuwa hivyohivyo. Yanapikwa kama spinachi, na mashina yake mekundu yanafaa kwenye kachumbari yakikatwa membamba sana.

Kisha yakaja maboga, na kwa wiki nne hayakukoma. Kila kapu boga, mara mawili. Tulikula la kuchemsha, tukala futari ingawa haikuwa Ramadhani, mpaka watoto wakasema basi. Ndipo nikaanza kulitia kwenye unga. Chapati za boga zilinichukua majaribio matatu. Mara ya kwanza nilichemsha boga kwa maji mengi, donge likanata mikononi kama uji. Siri ni kulipika kwa maji kidogo mno, kuliponda likiwa moto, na kuliacha lipoe kabisa na kujikausha. Kikombe kimoja cha boga kwa vikombe vitatu vya unga, chumvi, iliki ukipenda. Ukande kwanza bila maji hata tone, maana boga lina maji yake, halafu uongeze kwa kijiko tu pale donge linapokataa kushikana. Uliache nusu saa kabla ya kusukuma. Zinatoka za manjano, laini, na hazikauki hadi kesho yake asubuhi. Mbegu niliziosha, nikazianika, nikazikaanga na kuzitwanga, na sasa naziweka kwenye matembele badala ya karanga pale zinapopanda bei.

Mama mkwe alikuja kututembelea mwezi huohuo kutoka kijijini kwao Dodoma. Alipoliona kapu limefurika majani ya kunde na mchicha, wala hakuuliza tutapika nini. Aliuliza, "Ungo uko wapi?" Kwao mvua ni za msimu mmoja na kiangazi ni kirefu, kwa hiyo mwanamke anayejua mboga ni yule mwenye mboga mwezi wa kumi. Aliyapitisha majani kwenye maji ya moto, akayakamua, akayatandaza juani kwenye ungo na kufunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu kuzuia nzi. Siku tatu baadaye ungo mzima ulikuwa umekuwa konzi mbili za majani makavu yanayovunjika kama tumbaku.

Nilikuwa na mashaka nayo, nakiri. Rangi ilikuwa imefifia na harufu yake ni ya nyasi. Aliyaloweka jioni moja, akayapika na karanga za kutwanga, chumvi na kitunguu tu. Ladha haikuwa ya jani bichi lililopoteza kitu. Ilikuwa nzito, ya kushibisha, karibu na uyoga. Tuliila kwa ugali wa uwele aliokuja nao. Nilimwambia, "Mama, hii ni mboga nyingine kabisa." Akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo maana hatuiiti kiporo."

Siku anaondoka alinikuta nikichambua matembele, akaokota mashina niliyokuwa nataka kuyatupa, akayageuzageuza. Akauliza kama marando haya yanaweza kufika Dodoma yakiwa hai. Mama wa mlimani alikuwa ndiyo kwanza ametua kapu. Wazee hao wawili walisalimiana kwa dakika kumi nzima, wakaulizana mvua, wajukuu na magoti, kisha wakakata marando pamoja, kila moja urefu wa kiganja na nusu. Wakayafunga kwenye kipande cha gunia lililoloweshwa. Mama mkwe aliyapakata mwenyewe ndani ya basi, hakukubali yawekwe chini kwenye buti.

Jana alipiga simu. Yameshika yote isipokuwa mawili. Ameyapanda nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, na ameshachuma mara ya kwanza. Aliniuliza lile tui jepesi linatangulia kwa muda gani kabla ya tui zito, maana nazi amenunua sokoni mjini na anataka asiiharibu.